Harufu ya vyombo vipya vya umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu, Nakuru na Magharibi

Maswali haya ni yale yanayorudiwa kila wiki kwenye meza za mafundi na kaunta za maduka ya elektroniki. Mwenye haraka asome kwanza swali la 3 na la 4. Mengine yanaweza kungoja, hayo mawili hayangoji.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini chombo kipya cha umeme hunuka?

Kwa sababu ya mabaki ya kiwandani ambayo bado yanavukiza. Plastiki ya ganda, gundi, rangi, vanishi inayopakwa nyaya za transfoma na dawa inayosaidia lehemu kushika kwenye bodi, vyote huacha kemikali nyepesi zinazogeuka mvuke hata kwenye joto la kawaida la chumba. Chombo kikiwashwa kinapata joto, na mvuke hutoka kwa kasi zaidi.

Halafu kuna katoni. Chombo hukaa miezi kikiwa kimevikwa nailoni, baharini hadi Mombasa na barabarani hadi Kisumu, na mvuke wote huo haukuwa na pa kutokea. Ndiyo maana saa ya kwanza baada ya kufungua ndiyo kali kuliko zote. Katoni na povu jeupe la ndani hufyonza harufu pia. Ukitaka kuvitunza kwa sababu ya waranti, viweke stoo, si nyuma ya kochi.

2. Itachukua muda gani kuisha?

Simu, siku mbili tatu. TV na laptopu, wiki moja hadi mbili za matumizi ya kila siku. Woofer yenye sanduku la mbao, wiki kadhaa na pengine miezi. Begi au kava la plastiki laini inayonuka kama gambuti jipya huenda isiishe kabisa (tazama swali la 9).

Hali ya hewa huchangia. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na baridi yake hupunguza kasi ya kuvukiza. Juu ya hayo, watu hufunga madirisha mapema. Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi kando ya ziwa, joto hutoa harufu haraka: siku za kwanza inakuwa kali zaidi, lakini huisha mapema.

3. Nitajuaje kama ni harufu ya upya au kitu kinaungua?

Angalia mwelekeo wake. Harufu ya upya hutoka kwenye mwili mzima wa chombo, ipo hata kikiwa baridi, na kila siku hupungua. Harufu ya kuungua hutoka sehemu moja, huja chombo kinapofanya kazi nzito, hupotea kikipoa, na kila siku huongezeka.

Jaribio lake ni hili. Zima chombo, chomoa plagi, kisha toka nje dakika 10, kwa sababu pua iliyozoea chumba haikuambii ukweli. Rudi, nusa chombo kikiwa baridi. Washa, subiri nusu saa, nusa tena sehemu tatu tofauti: matundu ya hewa, mahali waya unapoingia kwenye chombo, na plagi yenyewe. Fanya hivyo siku tatu mfululizo saa ileile. Kisha gusa plagi kwa mgongo wa mkono: uvuguvugu si tatizo, lakini ukishindwa kuuacha mkono hapo kwa sekunde tano, zima swichi ya ukutani wala usiendelee na jaribio.

4. Ni harufu zipi nisizozisubiri hata dakika moja?

Samaki au mkojo, mahali ambapo hakuna samaki wala mtoto: hiyo ni plagi, soketi au swichi inayopata moto kupita kiasi (swali la 17). Harufu tamu kama dawa ya kutolea kutex: betri ya simu au power bank inavuja (swali la 20). Mayai viza: betri ya sola ya asidi inachemka (swali la 21). Harufu kali inayochoma pua, kama hewa baada ya radi: kwenye printa kubwa ya saiba huwa ni kawaida na dawa yake ni dirisha, lakini ikitoka kwenye soketi au swichi maana yake kuna cheche ndani.

Kwa hizi zote, isipokuwa mayai viza (hapo usiguse swichi, fuata swali la 21), kata umeme kwanza. Ukiona moshi, zima swichi kuu ya nyumba na uwatoe watu. Usimwagie maji kitu kilicho kwenye stima. Namba za dharura ni 999 na 112.

5. Je, harufu ya upya inadhuru afya?

Kwa mtu mzima mwenye afya, katika chumba chenye hewa, kwa kawaida ni kero: kichwa kuuma, macho kuwasha, koo kukereketa, na vyote hutulia akitoka nje. Mwenye pumu yuko katika hali nyingine. Mvuke huu unaweza kumletea shambulio, kwa hiyo asiwe yeye anayefungua katoni wala asilale chumba hicho juma la kwanza.

Kemikali ya kuangaliwa zaidi ni formaldehaidi, inayotoka kwenye gundi ya mbao za MDF, zile zinazotengenezwa kwa vumbi la mbao. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa kutegemea hasa watu walioivuta kazini miaka mingi. Woofer moja sebuleni haifikii kiwango cha kiwandani. Hata hivyo, kitanda cha mtoto kisikae kando yake.

## Kuondoa harufu

6. Nimenunua TV, naishi bedsitter yenye dirisha moja. Nifanyeje?

Toa nailoni zote, pamoja na ule utando mwembamba wa kwenye fremu ambao wengi huuacha ili TV ionekane mpya. Weka TV angalau sentimita 10 kutoka ukutani. Futa ganda la nyuma, umeme ukiwa umechomolewa, kwa kitambaa kilichokamuliwa sana kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Kioo kifutwe kwa kitambaa kikavu cha miwani tu.

Kisha washa TV kwa muda wa saa tatu hadi nne wakati wa mchana, kwa siku tano hadi saba, dirisha na mlango vikiwa wazi. Ukiwa na feni, igeuze itazame nje kupitia dirisha. Ikitazama ndani inazungusha harufu ileile, ikitazama nje inaisukuma itoke na hewa safi inaingia mlangoni. Ng'oa pia wavu wa dirisha uuoshe, kwa maana wavu uliojaa vumbi huzuia hewa karibu kama ubao.

Kwa nini mchana? Kwa sababu huku kwetu kandokando ya ziwa dirisha lazima lifungwe kabla ya jioni kwa ajili ya mbu, na malaria ni mbaya kuliko harufu ya plastiki. Anza asubuhi, malizia saa kumi na moja. Usiache TV hiyo ikiwaka peke yake siku hizo za mwanzo.

7. Woofer yangu inanuka mbao na gundi hata baada ya mwezi. Kuna dawa?

Joto na unyevu huongeza mvuke wa gundi ya MDF, na Kisumu vyote viwili vipo. Harufu nyingi hutokea kwenye lile tundu la besi, kwa hiyo geuza woofer tundu litazame dirishani badala ya kochi. Icheze kila siku kwa sauti ya wastani: besi inasukuma hewa ya ndani kutoka. Nyuma au chini ya sanduku, mbao ikiwa wazi bila karatasi ya nakshi, fundi anaweza kuipaka vanishi ya maji tabaka mbili. Vanishi huziba vinyweleo ambako mvuke unatoka. Asizibe tundu lenyewe wala matundu ya kupozea amplifaya.

8. Kava la simu, kamba ya saa na waya wa chaja: nivisafishe vipi?

Kava na kamba: osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha kabisa kivulini. Tia kwenye mfuko wa kufungika pamoja na vijiko vikubwa viwili vya baking soda, acha saa 24, pangusa. Rudia mara moja. Kisichobadilika baada ya mara mbili hakitabadilika.

Waya haulowekwi. Ufute kwa kitambaa chenye sabuni, ukiacha sentimita tano kila upande wenye kichwa, kisha uutundike mahali penye upepo siku mbili.

9. Begi la laptopu linanuka kama gambuti. Nimelianika wiki nzima.

Hilo ni PVC laini. Ili plastiki hiyo ilainike, kiwanda huichanganya na mafuta maalumu ambayo hayajifungi nayo. Yanatoka polepole kwa miaka. Ndiyo yale yanayoacha alama ya kunata begi au waya ukikaa muda mrefu juu ya meza iliyopakwa rangi. Ulaya imezuia aina nne za mafuta hayo kwenye vyombo vya umeme tangu Julai 2019, chini ya kanuni ya RoHS. Lakini alama ya RoHS kwenye katoni mtu yeyote anaweza kuichapa, kwa hiyo pua yako dukani ni shahidi bora kuliko stika.

Ushauri ni kulirudisha mapema. Kama haiwezekani, lisikae chumba cha kulala.

10. Hedifoni mpya zinanuka na zinakaa usoni kutwa. Zinaoshwa?

Haziloweshwi. Ng'oa zile pedi za masikio, nyingi huchomoka kwa kuvutwa taratibu kuanzia ukingoni. Futa ngozi yake ya bandia kwa kitambaa chenye sabuni, kisha kitambaa cha maji matupu, ukaushe. Tia baking soda ndani ya soksi safi, funga fundo, uweke pamoja na pedi kwenye kopo lenye kifuniko usiku kucha. Unga usigusane na spika ndogo za ndani. Ngozi ikipata vipele, acha kuzivaa.

11. Baking soda, magadi, makaa, kahawa: kipi kinafanya kazi kweli?

Baking soda hufaa kwa harufu zenye uchachu, na ni salama karibu na plastiki zote. Si sawa na baking powder, ambayo ina wanga ndani na hugandamana ikipata unyevu.

Magadi, yale mawe ya Ziwa Magadi yanayolainishia mboga na githeri, ni makali zaidi. Huharibu aluminiamu na huacha weupe. Usiyapeleke kwenye birika wala friji.

Makaa ya jiko hufyonza mvuke, ingawa kwa uwezo mdogo kuliko yale yaliyotengenezwa maalumu ya kuchujia. Chukua nusu kilo ya makaa makavu ambayo hayajawahi kuwashwa, yavunje vipande vya ukubwa wa njugu, yatie kwenye soksi, uweke ndani ya begi, kabati au friji. Badilisha kila wiki mbili. Wapo wanaowasha jiko chumbani wakidhani moshi utafukuza harufu. Tafadhali usifanye hivyo: hewa ya makaa haina harufu na inaua watu usingizini.

Kahawa inafunika harufu tu, na unga wake ukilowa unaota ukungu.

12. Nianike kwenye jua?

Kivulini penye upepo, ndiyo. Kwenye jua, hapana kwa chochote chenye betri au kioo. Kampuni nyingi za simu huweka kikomo cha nyuzi 35 za joto la mazingira, na bati au dashibodi ya gari Kisumu saa saba mchana hupita hapo mbali sana. Kava tupu linaweza kukaa juani saa moja, lakini likizidi linageuka njano.

13. Na manukato, udi au dawa ya kupulizia?

Yanafunika kitu ambacho unahitaji kukinusa ili ujue kinapungua au kinaongezeka. Dawa nyingi za kopo zina gesi inayoshika moto, na kuna watu huzipulizia moja kwa moja kwenye matundu ya TV inayowaka. Usithubutu.

## Jikoni na bafuni

14. Birika jipya la umeme linatia chai ladha ya plastiki, au ya dawa ya hospitali.

Ladha hizo mbili zina sababu tofauti, na watu wengi huhangaika kwa kuzichanganya.

Ladha ya plastiki ni mabaki ya kiwandani. Suuza birika, lijaze hadi alama ya MAX, chemsha, acha maji humo hadi yapoe kabisa, mwaga. Mara ya pili ongeza kwa kila lita vijiko vikubwa viwili vya siki au maji ya ndimu mbili, chemsha, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili. Maji hayo yoshee sakafu. Kwa kawaida mara nne hadi tano zinatosha.

Ladha ya dawa ya hospitali hutokea klorini ya maji ya mfereji inapokutana na aina fulani za kemikali za plastiki. Kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu chai nzima. Jaribu kwa maji ya mvua ya tangi: ladha ikitoweka, umepata jibu. Teka maji ya mfereji kwenye sufuria pana jioni, yaache wazi hadi asubuhi ili sehemu ya klorini itoke, ndipo uyachemshe. Ladha ikibaki baada ya wiki mbili, birika hilo halifai. Ukinunua lingine, chagua ambalo ndani ni chuma cha pua hadi kwenye kifuniko, na dirisha la kuonyesha maji lisiwe la plastiki.

15. Friji mpya inanuka, na maziwa yanachukua harufu.

Iache isimame saa nne kabla ya kuiwasha, au saa 24 kama ililazwa kwenye pikapu. Toa rafu zote. Osha ndani kwa lita moja ya maji vuguvugu yenye vijiko vikubwa viwili vya baking soda, ukikaza macho kwenye mikunjo ya mpira wa mlango, maana ndiko harufu hujificha. Kausha, acha mlango wazi siku nzima, kisha washa bila chakula kwa saa 12. Maziwa na siagi hufyonza harufu kuliko chakula kingine, kwa hiyo vikae kwenye chombo chenye kifuniko mwezi wa kwanza.

Jambo moja la kukumbuka: friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto na haitiwi harufu kama gesi ya kupikia. Friji isipopoza, kutonusa chochote si uthibitisho kuwa haivuji. Mwite fundi, na asitumie moto karibu nayo kabla ya kupitisha hewa.

16. Air fryer, pasi na shawa ya umeme: harufu ya mara ya kwanza ni sawa?

Ndiyo, kwa dakika chache. Air fryer: osha kikapu, uiwashe tupu kwa nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 15 karibu na dirisha, mara mbili. Kikapu chake na sahani za mashine ya sandwichi vina rangi nyeusi isiyoshika chakula. Ikipata moto kupita nyuzi 260 hivi, rangi hiyo huanza kutoa mvuke unaoua ndege. Wenye kuku wanaolala jikoni, kama ilivyo desturi katika boma nyingi Kakamega, Bungoma na Siaya, wawatoe kwanza.

Pasi: ipitishe juu ya kitambaa cha zamani cha pamba kwa dakika 10. Ile ya mvuke, mwaga maji ya tangi la kwanza.

Shawa: fungua maji kwanza, yatiririke, ndipo uwashe swichi. Ikiwashwa bila maji waya wa ndani huungua mara moja, na harufu hiyo haiishi. Harufu ikitoka kwenye swichi ya ukutani badala ya shawa, simama hapo. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23 kwenye stima yetu ya volti 240. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la stima, usiopungua milimita mraba 4, au 6 kama ni mbali, na swichi ya kukata nyaya zote mbili. Nyumba nyingi za kupanga shawa imeungwa kwenye waya wa soketi wa 2.5. Mwenye nyumba aelezwe kabla hajaelezwa na moto.

## Plagi, chaja na ekstensheni

17. Soketi inanuka samaki. Hakuna kilichoungua kinachoonekana.

Plastiki ngumu ya soketi, swichi na plagi hutoa harufu ya samaki inapopata joto kali muda mrefu, kabla haijawa nyeusi. Kwa hiyo harufu huja kwanza, alama huja baadaye.

Zima swichi kuu, chomoa plagi, ifungue. Katika plagi yetu ya miguu mitatu, waya wa kahawia uko kulia, kwenye fyuzi. Tazama hapo. Plagi nzima ina rangi moja, ila kando ya mguu wa kulia kuna ukanda wa hudhurungi kama chai iliyomwagika. Geuza skrubu kwa bisibisi: mara nyingi inazunguka nusu mzunguko bila kukaza kitu. Shaba chini yake imepoteza mng'ao, imekuwa zambarau au nyeusi, na vibanio vya fyuzi vimelegea hadi fyuzi inacheza. Ulegevu huo ndio unaozalisha joto. Joto linalegeza zaidi, na mambo yanaendelea hivyo hadi siku inaposhika moto.

Plagi iliyofikia hapo haitengenezwi, tupa. Kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, funga plagi mpya, kaza skrubu, na mwezi mmoja baadaye kaza tena kwa sababu shaba laini hulala. Fyuzi ya ampea 13 ni ya birika na pasi. TV, redio na chaja ni ampea 3. Soketi ya ukutani iliyoshirikiana na plagi hiyo nayo ibadilishwe na fundi, la sivyo itaipika plagi mpya.

18. Ekstensheni mpya inanuka plastiki nikiunganisha birika.

Piga hesabu: gawa wati kwa 240. Birika la wati 2,200 ni ampea 9.2, pasi ya 1,200 ni ampea 5. Pamoja ni zaidi ya 14, na plagi ya ukutani kikomo chake ni 13. Halafu tazama waya. Wa 0.75 unabeba ampea 6 tu, wa 1.25 ndio wa 13, na wa 1.5 ni bora zaidi. Namba hiyo huchapwa juu ya waya wenyewe. Waya usio na chapa yoyote, mnene lakini mwepesi mkononi, mara nyingi ni mpira mwingi na chuma kidogo.

Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu ifunguliwe yote hata kama unatumia mita mbili. Ikibaki imejikunja inajipasha moto.

19. Chaja mpya inanuka inapochaji. Niisubiri izoee?

Siku mbili za kwanza, uvuguvugu na harufu hafifu ya plastiki hukubalika. Siku ya tatu harufu ikiwa kali kuliko ya kwanza, usiendelee. Chaja nyepesi kupita kiasi, isiyo na maandishi ya volti na ampea, au inayonguruma kidogo ukiisogeza sikioni, isikae ukutani usiku mmekwisha kulala.

## Betri

20. Power bank inanuka vitamu kama kutex remover, ila bado inafanya kazi.

Kufanya kazi kusikudanganye. Maji ya ndani ya betri ya lithiamu yanavukiza na yanashika moto, na chumvi iliyomo ikikutana na unyevu hutoa asidi kali. Zima chaji ukutani, ishike kwa kitambaa kinene, itoe nje juu ya saruji au mchanga, mita tatu au zaidi kutoka kwenye chochote kinachoungua. Usiitoboe, usiifunike, usiitie kwenye friji. Mkono ukilowa, osha kwa maji mengi. Haitumiki tena hata harufu ikiisha, na haiendi kwenye pipa la taka, kwani gari la taka huiponda. Uliza kwenye duka kubwa la simu kama wanapokea betri zilizokufa.

21. Betri ya sola chumbani inanuka mayai viza.

Inapokea chaji kupita kiasi, au seli moja imekufa ndani. Gesi hiyo ni sumu, na baya zaidi huiua pua: baada ya muda huisikii ingawa bado ipo. Pamoja nayo hutoka haidrojeni, isiyo na harufu, inayolipuka kwa cheche.

Toa watu, fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi. Katisha umeme wa paneli kwa kuifunika kwa blanketi juani au kuichomoa upande wa nje. Usianze kwa kung'oa waya kwenye betri yenyewe, kwa sababu hapo ndipo cheche hutokea. Betri ikishapoa, fundi apime: betri ya volti 12 iliyojaa hushikiliwa kwenye 13.5 hadi 13.8, na ikiwa inachajiwa isipite 14.4 au karibu na hapo. Ikizidi, kidhibiti chaji kimeharibika, au paneli imeungwa moja kwa moja bila kidhibiti, jambo linaloonekana sana vijijini. Betri ya vifuniko huongezwa maji maalumu ya betri (distilled), kamwe si asidi. Na makao yake ni barazani au chumba chenye hewa.

## Hali zisizo za kawaida

22. Naishi karibu na ziwa. TV ya miezi miwili imeanza kunuka nywele zilizoungua.

Ni wadudu wa ziwa, wale wanaoinuka kama moshi juu ya maji na kufuata mwanga. Wanaingia kwenye matundu ya TV na dekoda, wanaangukia bodi ya umeme yenye joto, wanaungua. Mende hufanya hivyohivyo, na wao huongeza harufu yao ya uvundo kwa sababu wanazaliana humo.

Chomoa, subiri nusu saa, vuta vumbi kwa brashi laini nje ya matundu. Usifungue ganda: kapasita kubwa ya ndani hubaki na volti zipatazo 340 hata baada ya kuchomoa. Mwachie fundi mwenye kujua kuimaliza nguvu. Msimu wa wadudu hao, zima taa ya karibu na TV na uwashe ya nje, watahamia huko.

23. Laptopu ya mtumba ya ex-UK inanuka sigara.

Lami ya sigara hunata kwenye ganda na kwenye mapezi ya feni. Ganda hufutwa kwa spiriti ya duka la dawa kwenye pamba, laptopu ikiwa imezimwa, mara mbili tatu hadi pamba itoke nyeupe. Spiriti isiguse kioo. Feni lazima ifunguliwe isafishwe na pasta yake ya joto ibadilishwe, vinginevyo kila ikipata moto sigara inarudi.

24. Stima ilirudi kwa nguvu, sasa chombo kipya kinanuka lakini kinawaka.

Kichomoe. Huenda kapasita imevimba na kuvuja, na hiyo nayo hunuka samaki au amonia. Inaweza kuendelea siku kadhaa kabla ya kuangusha bodi nzima. Kapasita ni rahisi kubadilisha, bodi si rahisi. Wakati mwingine stima ikipotea chomoa kila kitu, na ikirudi hesabu dakika tano.

25. Duka linasema harufu si hitilafu. Nitathibitisha vipi?

Harufu ya upya peke yake ni vigumu kuidai. Ya kuungua inadaiwa. Rudi mapema na risiti, usikate muhuri wa waranti, piga picha ya plagi yenye hudhurungi. Kwa waya au chaja, ifunge kwenye kopo safi la kioo nusu saa, ulifungue mbele ya muuzaji. Angalia pia kama katoni ina stika ya ISM ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), inayotakiwa kwa bidhaa za kutoka nje. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 iko upande wa aliyeuziwa bidhaa isiyofaa kwa kazi yake.

26. Mimi sisikii tena chochote, lakini wageni wanasema nyumba inanuka. Nani yuko sahihi?

Wageni. Pua huzoea harufu ya mahali ndani ya dakika chache, na ukiishi nayo hutaijua. Mwombe jirani, asiyevuta sigara na asiye na mafua, aingie asubuhi kabla hujafungua dirisha, akuonyeshe kwa kidole inakotoka. Akionyesha TV au woofer, rudi swali la 6 na la 7. Akionyesha ukuta, zima swichi kuu na umwite fundi wa stima siku hiyohiyo.